Jiliwa Halina Kosa

Jumatatu, 4 Machi

Kipande cha tatu kimeharibika. Mzee amekitupa kwenye ndoo, kisha akaenda kukitoa, akakipima tena kwa skwea, kile kipimo chake cha pembe mraba, kana kwamba ndoo ingekinyoosha. Mwanga wa taa ukapenya chini ya skwea. Mstari mwembamba tu, lakini kwa mzee huo ni mlango uliosahauliwa wazi.

Kilitakiwa kuwa mwili wa injini ndogo, zile zake zinazozunguka ukipuliza hewa kwenye mrija wa mpira. Tangu astaafu karakana ya reli ametengeneza nyingi. Zimejaa kabatini mahali pa vikombe vyangu. Vikombe viko chini ya kitanda. Sijalalamika. (Nililalamika, ila mashine ilikuwa inanguruma.)

Leo amesema tatizo ni jiliwa, lile koleo la mezani linalobana kipande mashine ikikichonga. Limechoka, taya linainuka ukilikaza, kipande kinainuka nalo. Tutanunua jingine, la uhakika, lisilo na utani.

Nikasema sawa. Baadaye nikaingia bandani kuchukua kikombe chake cha chai, nikaokota kile kipande, nikakigeuza. Upande wa chini, pembeni, pamebonyea. Padogo kama mbegu ya nyanya.

Bado sijui nataka kuandika nini hapa.

Jumanne, 5 Machi

Nitaandika. Hakuna anayesoma.

Kitu cha kwanza alichonifundisha, wakati wa uchumba, maana hakuwa na la kuongea zaidi ya chuma: kabla hujafunga kitu kwenye jiliwa, piga burashi, futa kwa kitambaa, halafu pitisha kiganja. Kitambaa kinaweza kukuongopea, alisema, kiganja hakiwezi. Nikamwambia hata kwenye cherehani yangu ni hivyo hivyo, kiuzi kimoja kikinaswa chini, mshono wote unakwenda upande. Akanitazama kama ndiyo kwanza nimeingia chumbani. Nadhani aliamua siku ile.

Maana yake ni hii. Chembe moja ya chuma ikibaki chini, kipande kinakaa upande, na unachokichonga kinatoka upande. Na ile chembe, ukikaza, inaacha alama. Mbegu ya nyanya.

Nimetoa vipande vyote vitatu kwenye ndoo. Vyote vina mbegu.

Jiliwa la zamani halina ubaya wowote. Mzee hafuti. Leo nimemwangalia kupitia dirisha la jikoni, najifanya naosha sufuria iliyokwisha oshwa. Anachukua burashi. Anaishika. Anaitazama. Anaiweka chini. Anafunga kipande. Mkono wake ulifika kwenye burashi, kwa hiyo kichwani mwake kazi imekwisha.

Wiki iliyopita aliniuliza kama nimemlisha paka. Nikasema ndiyo. Paka alikufa kabla mzee hajastaafu. Nilidhani anatania. Nikacheka hata.

Alhamisi, 7 Machi

Binti yetu amepiga simu. Anasema baba hafai kukaa na mashine yenye kisu kinachozunguka. Tuiuze, tufunge banda, tuhamie kwake, chumba kipo na kimepakwa rangi. Nikamwambia baba yako mzima, tena Jumamosi anakwenda kuchagua jiliwa.

"Jiliwa la nini tena, mama?"

"La uhakika."

Halafu: "Na wewe mama, una uhakika?"

Nikamwambia sikusikii vizuri, mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Jumamosi, 9 Machi

Dukani kwa Miwani. Ndivyo mzee anavyomwita muuza vifaa, kwa sababu huvaa miwani ya kusomea kichwani na kuitafuta siku nzima. Wanajuana zamani.

Miwani akaleta jiliwa la kwanza, jekundu, linang'aa. Mzee akalizunguka kama mtu anayeoneshwa mkwe.

"Hili limepakwa rangi kuficha nini?"

"Mzee umeshaanza. Hata salamu hatujamaliza."

Mzee akatoa karatasi za sigara mfuko wa shati. Sigara aliacha, karatasi hakuacha. Anazichana kwa vidole vipande vyembamba, anaweka kimoja kila upande wa jiliwa, juu yake analaza kipande cha chuma, anakaza, halafu anavuta karatasi. Ikitoka, ujue taya limeinua chuma, hata kama jicho halikuona.

Kwenye jekundu zikatoka zote mbili, taratibu. "Linapumua hili," mzee akasema. Jiliwa la pili likabana upande mmoja, upande wa pili likaachia. Miwani akalalamika kwamba hiyo ni karatasi ya sigara, nani duniani ataona tofauti ndogo hivyo?

"Kisu kitaiona," mzee akasema.

La tatu lilitoka chini ya meza, la kijivu, zito, sura mbaya. Ndani ya taya linalotembea kuna mteremko. Ukikaza, taya linavutwa mbele na chini kwa pamoja. Mzee akavuta karatasi. Ikakatika. Akavuta ya pili. Ikakatika. Akacheka kile kicheko cha kwenye picha yetu ya harusi, hadi wateja wengine wakasogea kuona kuna nini.

Lakini hili ndilo ninaloliandikia: alifuta. Kila jiliwa, kabla ya kulijaribu, burashi ya Miwani, kitambaa, kiganja. Yote matatu, bila kukumbushwa na mtu. Nikageukia rafu ya spana nikazisoma namba zake moja moja mpaka macho yakakauka. Nikawaza, mimi ndiye niliyekosea. Fundi cherehani anajua nini.

Wakati tunaondoka Miwani akasema likiwa na kasoro lirudi, ila nitalipima hapa hapa, mbele za watu, nikuumbue. Wakacheka wote wawili.

Jumapili, 10 Machi

Limefungwa mezani kwa mashine. Mzee akapitisha saa ya kupimia, ile ambayo mshale wake husogea chuma kikiwa upande, kwenye taya lisilotembea, kutoka mwisho hadi mwisho. Mshale haukutikisika.

"Njoo uone. Umelala huo."

Nikaenda kuona mshale uliolala. Tumekula vizuri leo. Akanisimulia tena jinsi msimamizi wake wa reli alivyojifungia stoo akiwa na funguo zote. Nilicheka pale pale ninapochekaga siku zote.

Jumatano, 13 Machi

Kipande cha nne. Skwea. Mwanga.

Hakukitupa. Amekaa kwenye stuli amekipakata. "Hata hili," akasema. Baadaye hasira ikaja. Akasema Miwani amenichezea, amenipa bovu. Jumamosi nalirudisha. Si alisema atalipima mbele za watu? Alipime.

Alipokwenda kunawa nikakigeuza. Mbegu ipo. Nikakitia mfukoni mwa aproni.

Nimeiona akilini Jumamosi hiyo, mchana kweupe. Duka limejaa. Miwani anapima, mshale umelala. Mzee anamtazama Miwani, anautazama mshale, halafu ananitazama mimi.

Jioni nikajaribu. Nikasema labda tupige burashi tena, halafu tujaribu kipande kingine.

"Unanifundisha kufuta?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anacheka. Afadhali angekuwa mkali.

Ijumaa, 15 Machi

Mzee amekwenda kunyoa. Nimefanya.

Nilifungua boliti mbili za taya lisilotembea, nikalitoa. Nikachukua karatasi moja ya sigara kwenye shati lake la juzi, nikakata ukanda mwembamba, nikauweka nyuma ya taya upande mmoja, nikalirudisha na kukaza. Nikapitisha saa ya kupimia. Mshale ukasogea. Kidogo, wa aibu, lakini ukasogea.

Sasa jiliwa lina kosa. Nimelitia mimi.

Najua atalikagua kabla ya kulibeba, hawezi kumpelekea Miwani kitu ambacho hajakipima mwenyewe. Ataona mshale, atafungua, atakuta karatasi. Atasema kumbe niliisahau hapa wakati wa kufunga. Atajicheka. Hakutakuwa na Miwani wala watu. Na kuanzia kesho, kila anapokwenda kupima malighafi yake nje, mimi nitaingia kufuta. Burashi, kitambaa, kiganja. Hatajua. Vipande vitatoka sawa na binti yetu atachoka kupiga simu.

Nimeficha mishono mibaya kuliko huu, na wenyewe wakavaa wakaenda harusini.

Amerudi kanyolewa vizuri. Amepiga hodi mlangoni kwake mwenyewe, kisha akasimama akingoja kuulizwa nani.

Jumamosi, 16 Machi

Niko bandani, naandikia magotini. Nimekaa kwenye stuli yake kwa kuwa yeye amesimama.

Asubuhi akasema tulipime mara ya mwisho kabla ya kulifungua mezani. Nikamshikia taa. Mshale ukasogea. "Ona," akasema, na nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu. Nikajua nimefaulu.

Akafungua taya. Karatasi hii hapa. Akaibandua kwa kucha, akaipeleka kwenye taa. Nikangoja "kumbe".

Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mimi huchana," akasema.

Nikaisogeza taa.

"Mimi huchana kwa vidole. Hii ina ukingo. Hii imekatwa kwa mkasi."

Zaidi ya miaka thelathini nakata vitambaa vya watu. Sikuwaza kuchana. Mkono ulikwenda kwenye mkasi wenyewe.

Taa ikawa nzito. Akanyoosha kiganja bila kunitazama.

"Nipe kile kipande."

"Kipi?"

"Kilichomo kwenye aproni. Tangu Jumatano unatembea umeinamia upande mmoja."

Nikampa. Akakipangusa kwenye suruali, akakigeuza, akaiona. Akaipitishia kidole gumba, akarudi nyuma, akaipitishia tena. Fundi mkuu wa karakana nzima. Amewatoa vijana kazini kwa alama kama ile.

"Na vingine?"

"Vyote, mume wangu."

"Tangu jiliwa la zamani?"

"Tangu la zamani."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa kipimo na anakiweka akilini. Nilitaka alalamike. Hata anitukane kidogo. Akaitia karatasi yangu mfukoni mwa shati pamoja na zake, akarudisha taya, akakaza boliti, akapitisha saa. Mshale ukalala.

"Jiliwa halina kosa," akasema. "Miwani tumemsingizia bure."

Halafu akachukua kipande kipya, na badala ya kukifunga akanipa burashi. "Futa wewe. Mimi nikuone."

Nikafuta. Burashi, kitambaa, kiganja. Akakifunga kipande, akakigonga kwa nyundo ya mpira. Akasema kaa hapo, usiende jikoni. Ndiyo maana nimekaa. Daftari lilikuwa mfukoni, mahali pa kile kipande.

Simu inaita ndani. Ni binti yetu, siku zote Jumamosi huwa ni yeye. Sijainuka.

Mzee ameweka mkono kwenye swichi. Ameniuliza, "Tumefuta?"

Nimesema tumefuta.

Mkono bado uko kwenye swichi. Hajawasha. Anatazama kisu, anatazama burashi mezani, pale nilipoiweka. Simu imekatika, imeanza tena.

"Mama," ameniita, kwa upole kabisa, "tumefuta?"