Baba Mudathir, Uliyezipa Nyimbo Picha

Ni mwaka mzima sasa, baba, tangu asubuhi ile ulipoomba maji ya kunywa ukaondoka kabla kikombe hakijakufikia. Mama alikukuta barazani umeegemea ukuta, kofia kichwani, mkono mmoja juu ya goti, kama mtu anayesikiliza kitu. Aliita mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida. Mara ya pili ndiyo tuliyoisikia sote.

Hapa Kinyerezi watu bado wanakuulizia. Juzi alikuja mama mmoja na friji juu ya guta la matairi matatu, akabisha hodi, akauliza, "Yule fundi anayeongea na mafriji yupo?" Ikabidi mwanao Zubeda amwambie. Yule mama akakaa juu ya tofali akalia, halafu akafuta machozi kwa upande wa khanga na kutuhadithia jinsi ulivyolala kifudifudi jikoni kwake, sikio kwenye mota, ukimwambia, "Nyamaza kidogo, bibie, linanieleza."

Ndivyo ulivyokuwa. Hukushika bisibisi kabla ya kusikiliza. Hukumpita mtoto bila kumuuliza amekula nini, na akijibu wali ulitaka kujua wali na nini. Chai uliinywa imepoa, kwa sababu kila ilipomiminwa ulikuwa umeshaitwa na mtu.

Ila Ijumaa baada ya swala ulikuwa huitiki. Ulishusha sanduku la kanda, ukaunganisha redio kuukuu na kompyuta kwa waya ulioutengeneza mwenyewe, ukaiacha kanda icheze upande mzima huku umekaa kigodani. Dansi, taarabu, kasida, zote ziliingia mle. Na wimbo haukuwa umekamilika kwako mpaka uwe na kava. Zubeda ndiye aliyekuonyesha siku moja jinsi picha inavyobandikwa kwenye wimbo, ikatokea kila wimbo unapopigwa. Alitegemea utatafuta makava ya zile kanda. Wewe ukachukua simu ukaanza kupiga picha vitu vya nyumbani.

Birika. Samaki aliyeliwa nusu. Ndala moja ya mguu wa kushoto. Mlango wa kijani tusioujua ni wa wapi. Tulikucheka sana, baba. Bakari alikuambia, "Huyu mwimbaji akijua umemuwekea birika atakushtaki," ukajibu, "Na aje, atakunywa chai." Zubeda hakucheka kama kaka yake. Yeye alitaka kujua. Kwa nini birika liende na wimbo huu na siyo ule? Alikuuliza zaidi ya mara moja, nawe ulimjibu, "Mie najua nilichoweka," ukaendelea na kazi. Hatukujua kwamba swali hilo atabaki nalo.

Mama alipotoka eda, Zubeda alikuja Jumamosi moja kuiwasha kompyuta. Ilikuwa imekaa muda mrefu, imeshika vumbi, nayo ikawa nzito kuamka. Akaiunganisha na bando la simu yake ili irekebishe saa na mambo yake mengine. Wewe hukuwahi kuiunganisha na intaneti hata siku moja. Zubeda akaenda kumsaidia mama kuanua nguo, na aliporudi programu ya muziki ilikuwa imefanya yake. Ilikuwa imezitambua nyimbo zako kwa majina, ikazitafutia makava halisi na kuyaweka juu ya yale ya kwako. Waimbaji wenye suti, wenye magauni ya kumeta, wenye magitaa. Tukisema ukweli, yalipendeza. Zubeda alimpigia Bakari kule Mtwara akamwambia, "Braza, nyimbo za baba zimekuwa kama za dukani."

Mama akaja, akaketi kwenye kiti chako. Akaangalia kioo kwa muda. Akapeleka kidole, akakirudisha. Kisha akasimama akasema anakwenda kuangalia mboga.

Tangu siku hiyo hakuwasha muziki. Wiki zikapita. Tulidhani ni msiba tu, na nani angemlaumu. Lakini Zubeda alikumbuka kwamba hata ulipokuwa kazini, kila alipopiga simu nyumbani alisikia taarabu kwa nyuma, na mama akipaza sauti juu yake. Mtu aliyekuwa anajiwekea muziki mwenyewe mchana kutwa, ameachaje kwa mara moja? Siku moja akamkuta anachagua mchele uani, akavuta kigoda.

"Mama, kuna nini na ile kompyuta?"

"Hakuna kitu. Sina hamu."

"Basi nikuwekee mie. Unataka upi?"

Mama aliendelea kutupa mawe ya mchele pembeni. "Birika langu liko wapi?"

"Si hilo jikoni?"

"La kwenye kompyuta. Birika, mlango, samaki. Umeniletea watu siwajui, wote wanafanana."

Zubeda akacheka. "Lakini mama, majina si yapo pale chini ya picha? Unasoma tu, unabonyeza."

Mama akauweka ungo chini.

"Zubeda. Mie hizo herufi sizijui."

Zubeda alifikiri anasema hazioni, akataka kuinuka amletee miwani. Mama akamshika mkono akamrudisha.

"Msahafu nasoma, juzuu zote. Hizo zenu za shule sikupelekwa. Baba yako alijua toka wiki ya kwanza ya ndoa, na hakuna mwingine anayejua."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningekuambiaje? Unatoka kufundisha watoto wa watu a, e, i, o, u, ufike nyumbani nikuambie nami nipange foleni?"

Unajua Zubeda anafundisha darasa la awali, baba. Ulimsindikiza wewe siku ya kwanza. Alikaa pale kwenye kigoda akiyapitia mambo yote aliyoyaona bila kuyaona. Ripoti zetu za shule, ambazo mama alisema, "Zisome kwa sauti nikusikie unavyojisifu." Miwani iliyopotea kila barua ilipofika. Mipira ya rangi uliyoifunga kwenye chupa za dawa zake, mwekundu wa asubuhi, mweusi wa jioni, tukadhani ni upenzi wako wa kupanga vitu. Aliumia, tusikufiche. Aliumia kwa sababu ameishi ndani ya nyumba hiyo tangu anazaliwa na ni wewe peke yako uliyekuwa unamwona mama yake. Na zile picha tulizozicheka ndizo zilizokuwa njia yake ya kuufikia wimbo anaoutaka, bila kumuomba mtu.

Halafu lile swali lake la zamani likamrudia, akashindwa kujizuia.

"Kwa nini birika?"

Mama akacheka. Kicheko cha kwanza tangu uondoke. "Redio ilipoupiga wimbo ule mara ya kwanza, baba yako alinivuta tucheze kulekule jikoni, tukalisahau birika motoni mpaka likaungua kitako. Ndilo hilo mnalochemshia chai mpaka leo."

"Na samaki?"

"Mambo mengine siyo ya kumwambia mtoto."

Jioni ileile Zubeda alimpigia Bakari. "Zile picha za zamani haziwezi kurudi?"

"Kompyuta imeshaweka nyingine juu yake, sista. Hazipo. Kwenye simu ya baba je?"

Simu yako, unakumbuka, ilitumbukia kwenye ndoo ya maji na haikuamka tena. Zubeda alipomkumbusha, Bakari akasema, "Subiri. Si alikuwa anagawa nyimbo kwenye flashi? Picha inakaa ndani ya wimbo wenyewe. Aliyepewa wimbo kapewa na picha yake."

Zubeda akaenda Tandika kwa mjomba Hija, kaka yake mama, kwenye kibanda chake cha kushonea. Flashi uliyompa ilikuwa imechomekwa kwenye redio ndogo juu ya kabati la vitambaa, inaimba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umekuja kushona au umekuja kuniuliza mambo?"

"Kuuliza. Naomba flashi ya baba, nataka kuangalia picha zilizomo."

"Picha? Humu mie nasikia sauti tu, mwaka wa ngapi huu." Akaichomoa, redio ikanyamaza, naye akavua kofia. Zubeda akaichomeka kwenye kompyuta yako ya mkononi, aliyokuja nayo. Birika likatokea. Mjomba akainama, akakisogelea kioo mpaka pua ikakaribia kugusa. "Hili si nililowapa mie walipooana! Mudathir kaliweka kwenye muziki?" Akakaa chini. Alikuwa anausikiliza wimbo ule kila siku akishona, na hakujua yumo ndani yake.

Nyimbo zako za dansi zikapata sura zake pale. Samaki akarudi, ndala ikarudi. Lakini mjomba hapendi taarabu, na taarabu hukumwekea hata moja. Zile ndizo mama anazozipenda kuliko zote. Mlango wa kijani ulikuwa wa taarabu.

"Tutaupiga picha tena," mama alisema aliposikia. "Mlango si upo?"

Wakaondoka yeye na Zubeda mpaka nyumba ya Tandika mlikoanzia maisha, kwenye chumba mlichopanga kabla sie hatujazaliwa. Zubeda hakuwahi kupelekwa. Walipofika, mahali pa mlango wakakuta geti la chuma. Mama alisimama mbele yake mkoba kifuani, na Zubeda akawa anajilaumu kwa kumleta. Aliyefungua alikuwa mpangaji wa sasa, dada mmoja mchangamfu anaitwa Apolonia. Walipomweleza, akashika kiuno.

"Mlango wa mbao? Wa kijani? Karibuni ndani, mama, kuku wangu wanalala humo."

Akawapeleka nyuma ya nyumba. Mlango wako ulikuwa umelazwa ubavu, umekuwa ukuta wa banda la kuku. Rangi imebanduka kwingi lakini kijani bado ipo, na pale karibu na kitasa kuna mchoro wa msumari, mistari iliyopandana. Zubeda akauliza ni nini. Mama akaugusa kwa kidole gumba.

"Nilikuwa na mimba yako. Kila ulipocheza tumboni, baba yako anachora. Kisha anaweka taarabu ile ili ucheze tena. Anasema mtoto anaipenda."

Zubeda akaitoa simu ili apige picha, mama akaichukua.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo kwenye duara."

Kidole chake kimeingia pembeni ya picha, na kuku mmoja ametoa kichwa. Zubeda alitaka irudiwe. Mama akakataa, akasema mlango umetoka na hilo ndilo alilolifuata.

Kwa hiyo, baba, nyimbo zako zinapata picha upya, moja moja, na sasa mpigaji ni mama. Kava la waliovaa suti likiondoka, linaingia lake. Intaneti kwenye kompyuta ile imezimwa. Kila Jumapili Zubeda anakaa pembeni yake anauliza, na mama anamhadithia nyinyi mlikuwa nani kabla hamjawa wazazi. Zubeda alipomwambia akitaka wataanza pia na herufi, alijibiwa, "Nitakuambia nikitaka." Hatujauliza tena.

Haya yote hatukuyaandika kwa kumwibia siri. Tulimuuliza mara mbili. "Andikeni," alisema. "Kuna mwanamke mwingine huko anatafuta miwani ambayo haijapotea."

Umebaki wimbo mmoja tukuambie. Ule wa dansi wenye gitaa lisilokwisha, uliokuwa ukiupiga asubuhi ukinyoa ndevu. Mama hajawahi kuupenda, unajua mwenyewe, alikuwa akisema unamuumiza kichwa. Wewe hukuwahi kuuwekea picha yoyote. Bakari alipokuja likizo alitaka kuutafutia, na mama akasema, "Muwekeni yeye." Tukachagua ile ya harusi ya Bakari, umefumba macho, umeshika sahani ya pilau kama mtu atakayenyang'anywa. Tukamuuliza kwa nini ukae kwenye wimbo anaouchukia.

"Ili nikimwona nijue huo ni wa kuruka."

Hajauruka hata siku moja. Kila asubuhi anafika pale, anakutazama, anabonyeza. Gitaa linaanza. Mama anakaa mpaka liishe, ndipo anakwenda kuwasha moto wa chai.

Unakumbukwa na mkeo Mwanaasha, wanao Zubeda na Bakari, shemeji yako Hija, wajukuu zako, mafundi wenzako, na majirani wa Kinyerezi na Tandika. Hitima itasomwa nyumbani Jumapili baada ya adhuhuri, wote mnakaribishwa. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, akupanulie kaburi lako na akukutanishe na wema. Daima tunakukumbuka, baba, na daima tutakutaja.