Maureen Afe au Apande Teksi?

Shangazi Winnie,

Nisaidie, maana nimebanwa kotekote na hapa Bolton, Uingereza, siwezi kumwambia mtu habari isifike sokoni kabla yangu. Mimi naitwa Janine, ni mwigizaji wa televisheni, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa Maureen, mwenye baa katika tamthilia ambayo nchi nzima huitazama ikinywa chai, hata mwenye bucha ananiita Maureen, na sasa mtayarishaji ameniita ofisini akanipa biskuti, nikajua kumekucha, akasema Maureen anaondoka mwaka huu na kwa heshima yangu nichague mwenyewe, afe au apande teksi. Unayajua mambo yetu, anayepanda teksi mlango wake haufungwi, anaweza kuitwa tena Krismasi yoyote, lakini anayekufa amekufa, ila anapata mazishi ya mvua na pengine tuzo, na wakala wangu kaniambia, "Kufa, mpenzi wangu! Waliopanda teksi wote bado wamekaa karibu na simu." Mimi nataka kufa, Shangazi, kuna ukumbi wa maigizo Sheffield wananitaka, nami nimechoka kufuta glasi, lakini nilipomwambia mama, ambaye ana miaka themanini na kitu, aliweka kikombe chini akasema, "Ukimuua huyo, na mimi Alhamisi niende wapi?" kwa sababu kila Alhamisi yuko saluni na wenzake wanamzunguka, "Edna, tupe basi, Maureen ataolewa na yule mwizi?" naye hajui lolote, huwa simwambii kitu, lakini anabana midomo kama anayejua, na hiyo ndiyo raha yake tangu baba afariki. Sasa hapokei simu zangu. Nipande teksi nimridhishe, au nife nimpoteze?

Wako,
Maureen

Janine,

Ndiyo, Janine. Mwanzo wa barua umejiita Janine, kufika mwisho umetia sahihi ya mwenye baa. Hapo umeshajijibu, huyo Maureen amekuganda mno, lakini kwa kuwa umenunua stempu nitaendelea. Majina na mji nimebadili, ili Edna asisomewe saluni.

Kufa. Ukipanda teksi kwa ajili ya mama, kila Krismasi utangoja simu, na kinyongo chako utammwagia yeye mezani. Pole nakupa, maana kumaliza kazi ya miaka hiyo ni msiba, hata kama marehemu hakuwahi kuzaliwa. Lakini na wewe una roho ngumu! Mzee wa watu amebana midomo miaka yote kulinda siri ambayo hukumpa? Mama yako hamlilii Maureen. Analilia kiti chake saluni, na huo si upuuzi. Bibi kizee asiye na habari haulizwi kitu, hupewa gazeti na kuwekwa chini ya mashine ya kukaushia nywele.

Kwa hiyo acha simu, nenda. Beba keki anayoipenda, mwambie jinsi Maureen atakavyokufa, kwa ugonjwa au kwa ngazi za stoo, na umwapishe asiseme. Sasa atakuwa na kitu cha kubania midomo. Kisha mwambie mtayarishaji kwamba mazishi yanataka waombolezaji, na Edna kofia nyeusi anayo. Akae safu ya pili, alie akitaka. Alhamisi itakayofuata hatapata hata nafasi ya kunywa chai yake.

Na mkishamzika Maureen, usibaki kupiga picha na watu. Mshike mama yako mkono, simamisha teksi, mpande wote wawili.