Boksi za chuma alizoleta shemeji

"Mama Kija, swichi za kwako haziumi?" Unakumbuka jirani yetu Philomena aliniuliza hivyo masika yale, alipopigwa shoti akizima taa ya jikoni? Nilicheka. Leo sicheki, rafiki yangu Elina.

Shemeji Mashimba kaja na boksi za kufungia swichi, zote za chuma. Na mimi nilishamwambia fundi aweke za plastiki.

Fundi akamweleza kwa adabu: "Mzee, chuma ni imara, ila kinataka waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, na nyumba hii haina. Waya wa moto ukigusa boksi, anayeshika swichi anaumia."

Shemeji anajibu nini? "Nyumba ya marehemu kaka yangu haifungwi makopo ya mafuta ya kujipaka."

Makopo, mayu, mama yangu wee. Mbele ya fundi.

Nikasema basi tuweke ethi kwanza. Akasema huo ni uoga wa wanawake, fundi aendelee na za chuma.

Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikasikia mdomo wangu unasema: "Shemeji, kaka yako amelala kwa Bwana, umeme haumfikii. Wanaoshika hizo swichi ni wajukuu zake wakitoka kuoga. Fundi, weka za plastiki."

Mimi nimesema hivyo. Kwa shemeji. Mpaka sasa nakosea herufi. Akiitisha kikao cha ukoo nitasimama na nani?

Maana fundi alipoinama kuchukua boksi ya plastiki, shemeji aliiacha chai yangu mezani, akavaa kofia yake, akatoka. Hata kuniaga hakuniaga.