Mlango wa Mwalimu Elna

Tallselet, 14 Septemba 1947

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na kustaafu kazi ya stesheni ya treni hakujakuchosha. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo inayosumbuka.

Huku Kaskazini mwa nchi shule ni chumba kimoja, nami nakaa ubavuni mwake, mlango wangu ukitazama barabara. Watoto ni wasikivu. Nikiuliza jambo wanaitikia kwa kuvuta pumzi tu, kama waliomwagiwa maji ya baridi. Nilidhani wananiogopa, kumbe wanasema ndiyo.

Wazazi wao ndio wanaonichosha. Nimetangaza kwamba kila Jumatano jioni mzazi aje kwangu tuongee habari za mtoto wake, na kahawa yangu ya mgao nimewawekea wao. Wamekuja wawili. Hawakubisha hodi. Waliingia, wakakaa kwenye benchi karibu na mlango, wakanyamaza mpaka nikajiuliza kama nimewakosea. Mwishowe mmoja akasema, "Haya," wakaondoka. Nifanye nini na watu kama hawa?

Mwanao,
Elna

Simrishamn, 1 Oktoba 1947

Mwanangu Elna,

Salamu. Bado nakohoa. Barua yako nimeisoma na sioni cha kulalamikia. Watu humpima mwalimu kwa ngazi za mlango wake. Marehemu mama yako alizifagia kila asubuhi, na ufagio akauegemeza pale pale mlangoni, kila apitaye ajue hapa anakaa mtu nadhifu. Fanya hivyo, wageni watakuja. Wewe tangu utoto ufagio unautupa popote.

Åkesson, mkuu wa shule ya hapa, anakuulizia. Nimemwambia umekwenda kwa mwaka mmoja tu.

Baba yako

Tallselet, 30 Novemba 1947

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kifua. Ngazi zangu sasa ni safi kuliko za kanisa. Nafagia theluji kabla sijanywa chai, na ufagio nauegemeza mlangoni kama ulivyoagiza. Matokeo yake, hata wale wawili hawaji tena. Jumatano iliyopita Valborg, mama wa Gunhild, mwanafunzi wangu bora, alikuja kwa mbao zake za kutelezea thelujini hadi kwenye ngazi. Nilimwona dirishani, nikakimbilia birika. Niliporudi alishageuka, anaenda zake. Taa ilikuwa inawaka, Baba. Alijua nimo.

Dukani wananisalimu kwa adabu, kisha wanatazama pembeni. Kahawa nimeanza kuinywa mwenyewe.

Mwanao,
Elna

Simrishamn, 9 Januari 1948

Mwanangu Elna,

Heri ya mwaka mpya. Kama hawakutaki, hawakutaki. Huwezi kuwafagilia ngazi mpaka uzeeni. Åkesson ana nafasi kuanzia Agosti, ila anataka jibu kabla Februari haijaisha. Chumba chako nimekipaka rangi. Majirani nimeshawaambia. Andika barua ya kujiuzulu, umkabidhi mwenyekiti wa bodi ya shule mkononi. Usiitume kwa posta, wasije wakasema haikufika.

Baba yako

Simrishamn, 20 Februari 1948

Elna,

Salamu. Sijapata barua yako tangu mwaka uanze. Åkesson amenisimamisha njiani mara mbili, na leo nimejificha kwa muuza mikate. Mtu wa umri wangu. Jibu.

Baba yako

Tallselet, 25 Februari 1948

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya. Barua ya kujiuzulu niliiandika, nikampelekea mwenyekiti, mzee Holger, nyumbani kwake. Safari hii mimi ndiye niliyeingia bila hodi na kukaa benchini. Aliisoma taratibu, akaikunja.

"Basi ni kweli hututaki," akasema.

Nikamwambia wao ndio hawanitaki. Tangu Oktoba hakuna aliyekanyaga kwangu, na taa yangu inawaka kila Jumatano.

"Taa tunaiona, Mwalimu. Na ufagio tunauona."

"Ufagio una nini?"

Mkewe aliacha kuosha vyombo, akanieleza. Huku, Baba, watu hawafungi mlango kwa ufunguo. Anayetoka huegemeza ufagio mlangoni, maana yake hakuna mtu. Na ufagio ukiwepo huku taa inawaka, basi mwenyewe yumo ila hataki kumwona yeyote.

"Mke wangu alitaka kukuuliza," Holger akasema. "Nikamkataza. Mtu haulizwi kwa nini hataki wageni."

Nilicheka, peke yangu. Ndipo mkewe akanieleza habari ya Valborg. Alikuja mlangoni kwangu mara tatu, akitaka nimwandikishe Gunhild mtihani wa kuingia sekondari ya mjini. Nami nilikuwa nikiamini kwao hawataki aende, nikaona haya kuwauliza. Uandikishaji ulifungwa mwisho wa Januari. Nimepiga simu mjini, nimeomba sana, wamekataa. Ni mpaka mwakani.

Nimemkasirikia Valborg, na Holger, na wewe na ngazi zako, na mimi zaidi ya wote. Lakini siwezi kumwachia mtoto huyu mwalimu mgeni atakayeanza upya kuwajua watu hawa. Barua yangu nimeichukua tena. Nitabaki mwaka mwingine nimwandae. Insha anaziweza; hesabu za mwendo, zile za treni na saa, zinamshinda. Tafadhali mwambie Åkesson. Na chumba, Baba, samahani.

Mwanao,
Elna

Simrishamn, 3 Machi 1948

Mwanangu Elna,

Salamu. Kifua ni kile kile. Åkesson nimemwambia. Hakufurahi, nami sikumfariji, maana mimi pia sikufurahi. Harufu ya rangi bado imejaa nyumba nzima.

Watu gani wanaacha mtoto akose mtihani kwa sababu wanaona haya kuuliza? Na mwalimu gani? Sitaki jibu.

Hesabu za mwendo hazifundishwi kwa vitabu vya shule, ambamo treni hazichelewi. Nimemtungia huyo Gunhild hesabu kumi, zimo humu. Azifanye mwenyewe, anitumie mwenyewe, nitasahihisha na kumrudishia. Asitegemee kusifiwa.

Ya sita usiiguse kabisa. Nimeacha kwa makusudi kusema treni ya pili inaondoka saa ngapi. Nataka nione kama ataniandikia kuniuliza.

Baba yako