Mpole wa Kaunta

Jumatatu, 3 Machi

Nimeirusha, posti yangu mpya ya blogu. Nimeangalia nyuma mara mbili, utadhani nimeiba.

Mwaka mzima blogu yangu inasomwa na watu wawili: mimi na Bingwa. Na Bingwa anasoma kwa sababu tunakaa meza moja kwenye duka la fotokopi, akiacha nitamwona. Nimeandika jinsi ya kutoa doa la kutu. Zipu iliyokwama. Zile ngazi zilizovunjika za kushukia sokoni. Kimya! Najiita Jirani, na majirani wenyewe hawana habari.

Leo Bingwa kanitolea uvivu. Eti nawapa watu mawaidha, na watu wa Mnadani hawataki mawaidha. (Mnadani ndivyo tunavyouita ule mtandao ambako kila mtu analeta habari aliyoiokota kwingine, wenzake wanaipigia kura, ama ipande ama ishuke. Iliyopanda sana inawekwa mbele, kila mtu anaiona.) Wanataka tukio, anasema. Kichwa kifupi, kimguse msomaji mwenyewe, kimtie woga kidogo. Usiwamalizie — waache wabishane, ubishi ndio unaopandisha. Na usiipeleke kwa mkono wako, utaonekana una njaa. Ataipeleka yeye, saa ya chakula cha mchana, watu wakiwa na kijiko mkono huu na simu mkono huu.

Tukio nilikuwa nalo. Wiki iliyopita Dada alinisimulia jikoni, kwa sauti ya chini Mama asisikie. Dada ni mfamasia, anahudumia kaunta kwenye duka la dawa karibu na stendi. Alibandika lebo ya mtu mzima kwenye chupa ya mtoto. Vijiko viwili badala ya nusu! Mteja alishaondoka ndipo akagundua. Akatoka mbio na koti lake jeupe, kiatu kimoja kikabaki barabarani, akamfikia mama wa mtoto kabla chupa haijafunguliwa. Akaibadilisha. Akaomba msamaha. Wakalia wote wawili pale njiani. Kisha akaniambia: mdogo wangu, hili liishie hapa.

Sikumwambia mtu. Niliandika tu. Sikutaja jina wala duka. Niliandika "mfamasia mmoja wa mtaani kwetu, mpole, anayeaminiwa na kila mtu". Mpole, kwa sababu Dada ni mpole kweli. Zile mbio na kile kiatu nilikuwa nimeziweka mwishoni. Bingwa akasoma, akasema hapo umeuzima moto mwenyewe, kata. Nikakata. Kichwa tukakipika pamoja:

MFAMASIA MPOLE NUSURA AMUUE MTOTO. KESHO ATAKUHUDUMIA WEWE.

Bingwa hajui kwamba ni Dada. Anadhani nimeyasikia kwa wateja.

Jumanne, 4 Machi

Imepanda! Bingwa kapiga kelele mpaka mteja akadondosha vyeti vyake. Ukurasa wa mbele! Juu ya habari za mpira!

Mchana kutwa nimeshinda kwenye simu. Komenti zinaingia kuliko ninavyoweza kuzisoma. Wanagombana, wanatukanana, kila mmoja ana mtoto wake aliyewahi kupewa dawa siyo. Nimesahau kula. Nilijiona mtu.

Halafu mmoja akaandika: naujua mtaa huo, huyu Jirani ndiye aliyewahi kuandika zile ngazi za sokoni. Chini yake mwingine: mfamasia MPOLE? Jamani, si Mzee Pole huyo!

Mara ya kwanza nilicheka. Nikarudia kusoma.

Mzee Pole ana duka lake la dawa mkabala na kinyozi. Wanamwita hivyo kwa sababu hujafungua kinywa kusema unaumwa nini, ameshakwambia pole. Presha ya Mama inatulizwa na vidonge vyake. Dada mwenyewe alijifunzia kazi kwenye kaunta yake, ndiye aliyemfundisha hata kushika mkasi wa kukatia vidonge.

Nimeisoma upya posti yangu, neno kwa neno. "Alibandika." "Akampa." "Yeye." Hakuna mahali panaposema mwanamume au mwanamke. Lugha yetu haiulizi! Kila msomaji amemweka anayemjua. Nami neno "mpole" nimelibandika pale kama lebo. Lebo siyo, kwenye chupa siyo.

Nikisema ni mwanamke, basi. Mfamasia mwanamke mtaa huu ni mmoja. Yuko chumba cha pili sasa hivi, anapiga koti lake pasi.

Jumatano, 5 Machi

Nimejibu kwa jina la Jirani: siyo Mzee Pole, nawahakikishia. Wameishusha komenti yangu mpaka haionekani. Mmoja kaandika: Jirani kashatishwa. Mwingine: Jirani kashalambishwa asali. Nimetaka kuifuta posti yote. Bingwa kanishika mkono — wameshaipiga picha, ukifuta ndiyo umewapa ushahidi.

Nikamwuliza, sasa tufanyeje? Akasema tulia, Mnadani wanasahau haraka. Lakini mwenyewe hakunitazama usoni.

Nimezima simu, nikaiwasha tena.

Ijumaa, 7 Machi

Hawajasahau.

Jioni Mama karudi kutoka kwa fundi cherehani na habari mdomoni. Eti Mzee Pole karibu aue mtoto wa watu kwa dawa! Eti aliona lebo, akanyamaza! Anasema haamini hata kidogo, yule mzee kamtunza tangu baba yetu yuko hai, na mwenye kusema hivyo ulimi wake uote kutu. Amesema hivyo akinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa mbele yake. Nikamwagikiwa na chai.

Dada aliacha kutafuna. Akauliza taratibu, dawa ya nini, lebo ipi. Mama akaeleza. Vijiko viwili badala ya nusu. Nilimwona Dada akiinamisha uso kwenye sahani, na sahani ilikuwa tupu.

Baadaye tunaosha vyombo. Yeye anaosha, mimi nafuta. Akasema, "Ni yule mama wa mtoto. Hakuna mwingine anayejua zaidi yako."

Nikafuta kikombe.

"Nilimwomba msamaha, akanishika mabega, akasema yamekwisha. Kumbe yalikuwa hayajaisha. Angenitaja basi! Kwa nini amsingizie Mzee?"

Nikafuta kile kile kikombe.

"Hicho kimeshakauka."

"Nimechoka tu, Dada."

"Pole," akasema. Neno hilo! Nilitoka nikaenda kusimama uani mpaka moyo uliporudi mahali pake. Nilitaka kukiri, nikarudi hadi mlangoni, nikageuka.

Jumamosi, 8 Machi

Vidonge vya Mama vimekwisha. Mama hataki kusikia duka jingine. Nikatumwa mimi.

Kwenye mlango wa bati wameandika kwa mkaa: MUUAJI. Mtu kajaribu kufuta, imebaki MUUA. Kule kwa kinyozi viti vyote vimejaa na wote wamegeuzia macho huku. Nikaingia nikihisi mgongo wangu unasomwa.

Mzee Pole yuko peke yake. Hakuna mteja hata wa dawa ya mafua.

"Pole na jua, mwanangu," akasema.

Pole! Kwangu mimi!

Akachukua vidonge vya Mama. Akasoma boksi kwa sauti. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akabandika lebo, akaibandua, akaandika nyingine neno lile lile. Mkono ule umegawa dawa tangu sijazaliwa, leo unajishuku. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze na ndala zangu.

Ananipa mfuko, hauachii. Akauliza kwa unyonge, "Wewe unakaa na makompyuta. Huyu Jirani ni nani? Nimemkosea nini?"

Nikasema sijui.

Nikasema sijui! Akaniamini. Akanituma nimsalimie Mama, na Dada — akasema Dada ana mkono mzuri, hajawahi kuwa na mwanafunzi makini kama yule.

Nimetembea nyumbani kwa njia ndefu. Kila simu niliyoiona mkononi mwa mtu nilidhani inanisoma mimi. Mwanamke mmoja alinitazama nikavuka barabara bila kuangalia gari.

Jumapili, 9 Machi

Wamerusha jiwe. Kioo cha mbele chote chini. Kipande kimemkata Mzee juu ya jicho. Kinyozi ndiye aliyemfunga kwa taulo la dukani kwake. Yu hai.

Yu hai. Naliandika mara mbili nilione vizuri.

Mchana nilimfuata Bingwa kwao. Nikamwambia lote, ni Dada, zile mbio ni zake, kile kiatu ni chake, chupa ilibadilishwa, hakuna mtoto aliyeumia. Akakaa chini kwenye ngazi kama mtu aliyepigwa. Akasema, "Ungeniambia nisingekukatisha pale." Nikasema, "Usingenikatisha ningekuambia." Upumbavu wetu umelingana.

Nikamwambia nataka kuandika masahihisho. Akatikisa kichwa. Masahihisho hayapandi, anasema, hajawahi kuona yakipanda. Watu hawapigii kura kosa lao wenyewe. Ili wakuone tena lazima kiwe kichwa kikali kuliko cha kwanza. Kifupi, tukio, kiwe na damu yako ndani. Alikuwa hanishauri, masikini, alikuwa anasema tu anachokijua. Lakini mimi nilishakiona. Kilikuja chenyewe nikiwa bado nimesimama pale:

SI MZEE POLE. NI DADA YANGU.

Kichwa kizuri. Mungu anisamehe, ni kizuri. Kitapanda mpaka juu kabisa. Nimekiandika kwenye simu, chini yake nimeweka kila kitu, na mbio, na kiatu. Sijakirusha.

Maana nawajua sasa. Watasoma kichwa. Huko chini kwenye kiatu hawafiki. Na kesho jiwe litapita kwenye kaunta ya karibu na stendi.

Nikikiacha, Mzee atauawa kwa sababu yangu. Nikikirusha, ni Dada. Naogopa.

Jumatatu, 10 Machi

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Mnadani kumechafuka. Mtu mmoja, simjui, picha yake ni ya paka, kaandika tukutane leo jioni mbele ya duka la Mzee Pole, ama alifunge ama tumfungie. Imepandishwa. Imepandishwa sana. Wale wanaojiita watulivu nao wanauliza ni saa ngapi.

Bingwa kanipigia. Watu wameanza kusogea pale kwa kinyozi, wawili watatu, wamesimama tu. Mzee yuko ndani na taulo lake kichwani, kakataa kuondoka, anasema akiondoka itakuwa ni kweli. Halafu Bingwa akasema: kama una la kusema, sema sasa, hii ndiyo saa ya kupanda. Akajisikia mwenyewe. Akakata simu.

Nilikuwa nimekaa kitandani, kidole juu ya kitufe, Dada akaingia. Saa hizi alipaswa awe kazini. Koti jeupe amelikunja mkononi. Nikaigeuza simu uso chini.

Akakaa karibu yangu. Akasema ameomba ruhusa, ameshindwa kusimama pale kaunta, kila chupa anaiona ile. Amewaza tangu Ijumaa. Hawezi kumwacha mzee wa watu apigwe kwa kosa lake. Anakwenda.

"Watakuumiza!" nikasema.

"Pengine. Ndiyo maana nimekuja kwako kwanza."

Nikajua amejua. Nikafumba macho, nikasubiri.

"Niandikie," akasema. "Wewe ndiye mwenye mkono wa kuandika. Waisome kwenye hizo simu zao kabla sijafika, labda watanisikiliza. Mimi nikisimama mbele ya watu maneno yananikimbia."

Hajui. Hajui!

Akaanza kunitajia hapo hapo, polepole, kama anayesomea mgonjwa maelezo ya dawa. Anza hivi: Mimi ndiye. Halafu weka ni duka gani. Halafu weka jina langu lote. Nikachukua daftari hili, sikuthubutu kugusa simu. Mkono ukiandika, machozi yananitoka, yeye anadhani namlilia.

"Halafu weka pale nilipomkimbilia yule mama," akasema. "Hapo paweke vizuri. Nimesomewa hiyo habari kazini leo, yote. Pale hapamo. Inaishia chupa ikiondoka."

Nikasema, ndiyo.

"Nimewaza sana. Yule mama alikuwepo, aliniona nikikimbia, alinirudishia kiatu changu kwa mkono wake. Yeye asingepaacha pale." Akalikunja koti upya. "Mtu gani anayapata yote hayo, halafu anapaacha pale?"

Nikainamia daftari. Akaniangalia kidogo. Akainuka kwenda kubadilisha viatu, anataka vya kufunga kamba, safari hii visimvuke.

Nasikia anafungua kabati. Simu inatetemeka kitandani, uso chini, ni Bingwa tena. Kile kichwa bado kiko pale ndani, kinangoja kidole. Na nyayo zake zinarudi, na ameanza kuniita kabla hajafika mlangoni. Haniiti mdogo wangu. Ananiita Jirani —