Kwa Baba Shirleen, Aliyekataa Tungoje

Mwaka umetimia, Baba Shirleen, tangu asubuhi ile ulipoanguka kwenye depo ukisubiri gari lako la mkate lipakiwe. Ni presha, walisema. Ulikuwa na miaka thelathini na tisa.

Kila siku saa tano ulikuwa umeshamaliza kusambaza, unaingia mtaani kwetu Jericho ukinukia mkate, ukiwasalimu watoto wa mtaa mzima kwa majina. Jumamosi ulipitia soko la Burma kumnunulia mama yako nyama laini, kwa kuwa meno yamemwisha na hataki mtu ajue.

Shirleen alipofika miaka miwili bila kusema hata "mama", wewe ndiwe uliyeshtuka. Mimi nilisema ataongea tu. Majirani walisema Kikamba, Kiswahili na Kiingereza vimemchanganya. Mama yako akasema, "Maingi, hata wewe ulichelewa. Mbona leo unaongea?"

Ukaweka kikombe chini. "Niliongea, mama. Lakini nilifika darasa la pili nikiitwa bubu, mwalimu akinichapa akidhani ni kiburi. Huyu hatangoja hivyo."

Hukuwa umewahi kutuambia. Mama yako alijifuta macho kwa leso.

Bado nilikukatalia kumpeleka apimwe, miezi sita. Niandike ukweli: niliona aibu. Niliogopa kuambiwa kwamba mtoto wangu ana kasoro.

Kisha Shirleen akalia siku mbili mfululizo. Tulimpa dawa ya tumbo, tukamkanda miguu, na kumbe punje ya ndengu ilikuwa imekwama sikioni. Daktari alipoitoa akauliza kwa upole, "Ana miaka miwili na nusu. Hakuweza hata kuwaonyesha panapouma?"

Nilikutazama. Hukusema, "Si nilikuambia?" Ulisema tu, "Mama Shirleen, twende tuulize wanakosaidia watoto."

Masikio yalipimwa yakawa mazima. Bi. Hibo, mtaalamu wa usemi wa watoto, akatueleza kwamba si uvivu, wala si lugha nyingi. Lugha yenyewe ilikuwa inakawia kumwingia, kuielewa na kuisema. "Mmekuja mapema," alisema. "Msimwambie 'sema, sema.' Chezeni naye. Tajeni anachokitazama, halafu mngojeeni."

Kila Alhamisi ulimpeleka wewe. Nyumbani ulikaa sakafuni na sare yako ya kazi. "Viatu. Viatu vya baba. Baba anavaa viatu." Kimya. Unaanza tena. Opicho, jirani yetu, alichungulia mlangoni akakutania, "Niaje Maingi, siku hizi unaongea na ukuta?"

"Naongea na mtu," ukamjibu. "Yeye hujibu kwa macho."

Ilichukua miezi. Neno moja hapa, nusu neno pale. Halafu Jumapili moja, tukijiandaa kwenda kanisani, Shirleen akakuletea kiatu kwa mikono miwili. "Baba, vaa."

Maneno mawili pamoja. Ulitoka nje ukasimama kando ya tangi la maji, umetupa mgongo. Sikukufuata. Nilijua unalia, na nilijua unalilia watoto wawili: Shirleen, na yule aliyeitwa bubu.

Wiki sita baadaye tulikuzika kwenu Kangundo.

Shirleen alinyamaza tena. Miezi miwili hakutoa neno, nami nikataka kuacha yote. Ndugu yako Kyalo akaja akiwa amemshika mkono, amekwisha kumvisha sweta. "Shemeji, Alhamisi ni Alhamisi," akasema. Tukaenda. Tunaenda mpaka leo.

Maneno yamerudi, Baba Shirleen, na mengine yameongezeka. Anaomba maji. Anamkataza nyanyake kumchana nywele. Hatamki vizuri "sh" na "r", anasema "Silini", nasi tunamwelewa. Bi. Hibo anasema safari ingali ndefu, ila msingi uliuweka wewe.

Mwezi uliopita aliuliza swali lake la kwanza. Tulikuwa tukila. Aliacha kijiko, akanitazama usoni.

"Baba wapi?"

Mama yako akainuka akaingia jikoni. Nilikuwa nimeomba siku nyingi mtoto huyu aweze kuuliza, na alichouliza ndicho nisichoweza kukijibu bila kuvunjika. Nikamwambia kwa maneno mafupi, "Baba alikufa. Hatarudi."

Akafikiri. "Kesho?"

"Hata kesho, mama."

Akaja akakaa mapajani pangu, chakula kikapoa.

Unakumbukwa na mkeo Nthambi, binti yako Shirleen, mama yako Syombua, ndugu yako Kyalo, na majirani wote wa Jericho. Pumzika, Maingi. Hatutakusahau leo wala siku yoyote tutakayojaliwa kuishi.