Nyota Yenye Meno ya Baba

Kaka,

Chai iko kwenye chupa, chakula nimekifunika. Nimekwenda mashineni kusaga, unga umeishia kwenye zile nyota za dirishani. Usiziguse tena! Si biskuti. Ni unga, chumvi na maji, wanao wamefinyanga zawadi za Krismasi.

Ile uliyoing'ata asubuhi ukaitupa kwenye ndoo ya taka, ukasema, "Nani kaoka mawe haya?", ndiyo iliyokuwa yako. Kitindamimba wako aliitoboa tundu la uzi mwenyewe, ulimi nje. Wewe ulikuwa mbioni, hukumwona pale mlangoni. Hakulia. Aliniambia tu, "Shangazi, baba haitaki."

~~Mnunulie mwanasesere njiani.~~ Hapana, usinunue kitu. Wala usimwambie akutengenezee nyingine.

Nilipotandika kitanda chake niliikuta ileile chini ya mto. Kaiokota, kaifuta, kaitia uzi, na meno yako yanaonekana yote. Muombe hiyo, kaka. Uitundike pale unapoweka funguo, yeye akiwa anakuona.

Wanao wako kwa jirani. Wafuate kabla hujavua viatu.

Dada yako, shangazi wa watu